Nyayo za Goethe Huko Italia: Tembea Uone au Tembea Uonekane?

Wahenga walituachia maneno mawili tu juu ya safari: tembea uone. Hawakusema tembea uonekane, wala tembea urudi na mizigo. Walakini ukitazama jinsi watu wasafirivyo siku hizi, utadhani lile neno la pili limeanguka njiani, na la kwanza limebaki peke yake likizunguka dunia kwa ndege.

Twaandika haya kwa sababu ya safari moja ya zamani ambayo mpaka leo ina wafuasi. Kila mwaka wako watu, wengi wao Wajerumani lakini si wao tu, ambao hushika njia ile ile aliyopita mshairi Johann Wolfgang von Goethe alipokwenda Italia mwaka 1786. Wengine huenda kwa gari la moshi, wengine kwa baiskeli, wengine hata kwa miguu, kitabu cha mshairi kikiwa mkononi. Hushuka pale aliposhuka, hulala mjini alipolala, na husimama mbele ya nguzo aliyoisimamia. Wenyewe husema hiyo ni safari ya fikira, si ya starehe. Nasi twauliza: mtu akifuata nyayo kwa namna hiyo hupata nini hasa?

Tuanze na mwenye nyayo. Goethe alikuwa na miaka 37 alipotoroka. Ndiyo, alitoroka, hakuna neno jingine la kufaa. Alikuwa mtu maarufu tangu mwaka 1774, alipotoa hadithi ya kijana Werther iliyosomwa Ulaya nzima. Kisha akaitwa Weimar, dola ndogo mojawapo ya zile nyingi zilizokuwako kabla Ujerumani haijawa nchi moja, akafanywa waziri. Kwa muda wa miaka kumi alishughulika na barabara, migodi, hesabu za fedha na hata kuandikisha askari. Mashairi yakalala sandukuni, tamthilia alizozianza zikawa haziishi. Basi alipokuwa mapumzikoni Karlsbad, siku chache baada ya kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, aliamka saa tisa usiku tarehe 3 Septemba 1786, akapanda gari la posta la farasi na mizigo miwili tu, akaenda zake. Charlotte von Stein, bibi aliyempenda na aliyemwandikia barua kila uchao, hakuagwa. Mtawala wa Weimar, Karl August, aliombwa ruhusa isiyotaja mahali. Mtumishi wake Philipp Seidel ndiye aliyejua barua zipelekwe wapi. Njiani mheshimiwa waziri alijiita Johann Philipp Möller, na huko Roma akajulisha watu kuwa yeye ni mchoraji.

Hapa msomaji aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la ubalozi wa nchi fulani ya Ulaya atacheka kidogo, tena kicheko cha uchungu. Fomu yauliza jina, kazi, sababu ya safari, utalala wapi, utarudi lini na nani atakulipia. Goethe angeanguka mtihani huo toka swali la kwanza. Jina lake lilikuwa la uongo na kazi yake ilikuwa ya uongo. Sababu ya safari hakuijua vizuri hata mwenyewe. Na siku ya kurudi? Alirudi Weimar tarehe 18 Juni 1788, karibu miaka miwili baadaye. Swali moja tu angelijibu vyema, lile la fedha, kwani mtawala wake aliendelea kumlipa mshahara muda wote huo.

Na maadam tumegusa fedha, haki yadai tumtaje mwenzake mmoja ambaye hakuwa na mshahara wa namna hiyo. Johann Gottfried Seume, naye mwandishi, alikamatwa njiani mwaka 1781 na waandikishaji askari wa mtawala wa Hesse-Kassel, ambaye kazi yake ilikuwa kuwauzia Waingereza wanaume wa nchi yake wakapigane na Waamerika. Kijana huyo akapakiwa melini mpaka Canada. Aliponusurika na kurudi, baada ya miaka mingi alipata kazi ya kusahihisha chapa kwa Göschen, mchapaji yule yule ambaye fedha zake zilikuwa zimemsaidia Goethe kuishi Roma. Desemba 1801 Seume alijitwika shanta yake katika mji wa Grimma, akaenda mpaka Syracuse huko Sisilia na kurudi kwa njia ya Paris, sehemu kubwa kwa miguu yake mwenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1803. Yeye aliiona njaa ya watu wa Sisilia mahali ambapo waungwana waliona magofu. Anayetaka nyayo halisi, zenye malengelenge, huyo ndiye wa kumfuata. Lakini wengi humfuata Goethe, na sisi tutamfuata pia, kwani ana jambo ambalo Seume hakulifanya vizuri kama yeye.

Alivuka milima ya Alps kwa kupita Brenner, akateremka mpaka ziwa la Garda. Tarehe 13 Septemba upepo uliisukuma mashua yake mpaka Malcesine, kijiji kilichokuwa chini ya utawala wa Venice, chenye ngome kuukuu kando ya maji. Akaketi, akatoa karatasi, akaanza kuuchora mnara. Watu wakamkusanyikia. Mmoja akaichukua karatasi na kuichana. Akaja mkubwa wa mji na karani wake, shauri likawa moja: huyu ni mpelelezi wa mfalme wa Austria, anachora boma letu. Goethe akajitetea kuwa hilo si boma bali gofu zuri. Wao wakashangaa zaidi. Wageni, walisema, huenda Verona kutazama uwanja wa michezo wa Warumi. Nani atoke mbali kuja kutazama mnara ulioota majani? Kilichomwokoa ni kwamba alisema ametoka Frankfurt, na palikuwa na mtu wa pale aliyewahi kufanya kazi mji huo, akamuuliza habari za jamaa fulani wa Frankfurt, naye akazijua zote. Basi wakamwacha, na kikawa kicheko.

Leo ndani ya ngome hiyo hiyo pana chumba cha kumkumbuka Goethe na sanamu yake, na mgeni hulipa kiingilio. Wafuasi hupiga picha hapo kwa simu za mkononi, bila ya mtu kuwauliza. Lakini fikiri: kilichofanya siku ile iwe na maana si ngome. Ni kwamba mtu mmoja alitazama kitu ambacho hakikuwamo katika orodha ya vitu vya kutazamwa, mpaka wenyeji wakatia shaka. Mfuasi wa leo anayekwenda Malcesine kwa sababu Goethe alikwenda Malcesine afanya sawasawa na wale wageni wa Verona. Orodha imeongezwa jina moja tu.

Huko Venice, alikofika tarehe 28 Septemba, ndiko alikoiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Msomaji wa Lamu au Vanga na alifikirie jambo hilo: mtu mzima wa miaka 37, msomi, waziri, hajapata kuona maji ya chumvi. Akafanya nini? Siku moja alikaa kwenye ukingo akawatazama kaa wakijaribu kuwatoa wale konokono wa baharini wanaong'ang'ania mawe. Kaa huja upandeupande na ujanja wake wote, akimgusa tu, konokono hujibana kwenye jiwe, na kaa hubaki akizunguka. Goethe aliandika habari hiyo kwa furaha kubwa kuliko alivyoandika juu ya makanisa kadhaa. Mtoto yeyote wa pwani yetu ameliona jambo hilo. Wangapi wamekaa kulitazama?

Siku moja kabla ya hapo alipita Padua, ambako kuna bustani ya mimea ya chuo kikuu iliyoanzishwa mwaka 1545. Humo alikuta mti mfupi wa jamii ya mitende, wenye majani kama upepeo, uliopandwa mwaka 1585. Aliangalia kutoka chini kwenda juu. Majani ya kwanza, yale machanga ya shinani, yalikuwa mazima kama ncha ya mkuki. Yaliyofuata yalikuwa yameanza kupasuka. Ya juu yalikuwa yamechanika kabisa na kuwa upepeo. Akamwomba mtunza bustani amkatie jani moja la kila hatua, akayabeba kati ya makaratasi magumu, akayatunza kwa miaka mingi. Kutokana na majani hayo, na mengine aliyoyatazama baadaye katika bustani ya Palermo mwezi Aprili 1787, lilizaliwa wazo lake kwamba viungo vyote vya mmea, toka jani la mche mpaka ua, ni kiungo kimoja kinachogeuka umbo. Mwaka 1790 alitoa kitabu kidogo juu ya jambo hilo. Wapo waliomcheka kuwa mshairi amepotea njia. Rafiki yake Schiller, mwaka 1794, alimwambia kuwa hilo si jambo la kuonekana kwa macho bali ni wazo tu, na Goethe akaudhika. Lakini katika miaka ya karibu na 1990 wataalamu wa urithi wa mimea walionyesha kuwa ukiziondoa chembe fulani katika mmea, viungo vya ua hurudi kuwa kama majani. Macho ya mshairi hayakuwa mbali sana na ukweli.

Mti ule wa Padua ungali hai mpaka leo, ndani ya nyumba ya vioo, na umepewa jina lake. Wafuasi huenda kuusalimu. Hatuwalaumu, kwani mti uliopandwa kabla Wareno hawajaijenga Fort Jesus kule Mombasa wastahili salamu. Ila twapenda kumkumbusha msomaji kwamba haihitaji nauli ya kwenda Padua. Aende nyuma ya nyumba yoyote Kilifi au Kwale palipowekwa nazi za kuoteshwa. Jani la kwanza la mche wa mnazi hutoka zima, limepasuka ncha tu. Baadaye huja majani yaliyochanika kidogo, na mwisho ndipo lije kuti lenye vyane vyake kama tulijuavyo. Mambo yale yale, bila kiingilio.

Wala tusimfanye mtu huyu kuwa malaika. Alikuwa na upofu wake, na huo pia wafuasi huufuata. Florence, mji ambao watu huuzuru kwa majuma, yeye aliupita kwa muda wa saa tatu hivi, kwa kuwa alikuwa na haraka ya Roma. Assisi aliliacha kanisa la Mtakatifu Francis na michoro yake yote, akalipa kisogo, akaenda kutazama hekalu dogo la mungu wa Warumi wa kale. Vitu vya kale vya Wagiriki na Warumi ndivyo alivyovitafuta. Vya Kikristo vya zama za kati vilimchosha. Je, mfuasi mwaminifu naye akae Florence saa tatu tu? Akikaa siku tatu amekwisha iacha njia ya bwana wake, na akikaa saa tatu amejinyima kwa ajili ya kosa la mtu mwingine. Hapo ndipo ujinga wa kufuata nyayo unapojitokeza wazi.

Huko Roma alikaa nyumba moja na mchoraji Tischbein katika barabara ya Corso. Nyumba hiyo ni jumba la makumbusho tangu mwaka 1997. Tischbein ndiye aliyemchora akiwa ameegemea mawe, joho jeupe na kofia pana, nyuma yake magofu. Picha hiyo inajulikana kuliko nyingine yoyote ya mshairi. Wenye macho makali wameona kuwa mchoraji alikosea akampa miguu miwili yote ya kushoto. Kama hizo ndizo nyayo za kufuatwa, mfuasi atazunguka mahali pamoja.

Sasa tufike Naples, ambako kwa maoni yetu ndiko safari hii ilikostahili jina la safari ya fikira. Goethe alikuwa na kitabu cha kuongoza wasafiri kilichoandikwa na Volkmann, Mjerumani mwenzake, katika majuzuu matatu. Kitabu kilisema kuwa Naples ina watu wavivu kati ya 30,000 na 40,000 wasiofanya kazi yoyote. Kila msafiri wa kaskazini alikuwa akilisema jambo hilo, na kila aliyelisema alilitoa kwa mwenzake. Goethe alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: alitoka asubuhi na mapema akaenda kuwatafuta hao wavivu.

Aliwakuta mahamali wamekaa katika vituo vyao wakingoja mtu mwenye mzigo. Akawakuta wenye magari wamesimama kando ya farasi wao wakingoja abiria. Mabaharia walikuwa gatini wakivuta tumbako. Wavuvi walikuwa wamelala juani, huenda kwa sababu upepo haukuwa mwema. Akatazama watoto. Wengine walikuwa wakibeba samaki kutoka ufukweni kupeleka mjini. Wengine walikuwa wakiokota vibanzi kwenye karakana ya meli, na vijiti vilivyotupwa na bahari, ili wawauzie maskini wa kuota moto. Wengine walinunua matunda au vitu vitamu kwa senti walizopata, kisha wakawauzia watoto wenzao kwa faida ndogo. Wakulima na wavulana walizunguka na punda wakizoa taka za mboga na samadi kwa ajili ya bustani za nje ya mji. Mahali fulani aliwaona watoto wenye matambara wameketi duara, viganja vyao vimeelekea chini. Akasogea, akaona kuwa mhunzi alikuwa ametia moto hapo kuchomea chuma cha gurudumu, akaondoka. Na watoto walikuwa wakiuota ule uvuguvugu uliobaki ardhini usije ukapotea bure.

Mwisho wa hesabu yake, katika maandishi ya tarehe 28 Mei 1787, alisema kuwa wapo watu wenye nguo mbovu tele, lakini mtu asiye na shughuli kabisa hakumpata ila kwa shida. Tena akafikiri kwa nini watu wa kwao waliona uvivu. Akaona kuwa mtu wa nchi ya baridi hupima kazi kwa hofu ya majira ya baridi. Asipoweka akiba ya kuni na chakula atakufa. Akimwona mtu anayepumzika mchana humwita mvivu, kwa kuwa kwao kupumzika hivyo ni hatari. Hakuwasifu watu wa Naples kupita kiasi. Alikwenda tu, akahesabu, akakuta kitabu kimesema uongo.

Sisi hatuwezi kuisoma habari hiyo bila moyo kushtuka. Ni mara ngapi wageni waliopita pwani hii ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 waliandika kuwa Mswahili ni mvivu wa kukaa barazani? Masetla nao waliyasema hayo juu ya Mkikuyu, Mkamba na Mluo, huku watu hao hao ndio waliolima mashamba yao. Na tusiwalaumu wageni peke yao. Mkenya wa bara aliyepanda basi la usiku kwenda Mombasa kwa mapumziko ya Desemba hurudi Nairobi na maneno yale yale: watu wa pwani hawapendi kazi, hulala mchana. Nani kati yao aliuliza kwa nini mvuvi yule wa Shimoni alikuwa amelala saa sita za mchana? Alikuwa baharini usiku kucha akivua kwa karabai, na nyavu zake alizishona alfajiri. Nani aliwahesabu wasukuma mikokoteni ya maji kule Likoni, au mama wanaokaanga viazi na mihogo magharibi ili watu wale usiku? Yule hamali aliyejinyoosha chini ya mwembe ameuacha mkokoteni wake wapi, na anamngoja nani? Msafiri wetu hakutazama. Alikuja na Volkmann wake kichwani na akarudi naye.

Goethe hakuwa na damu ya Naples, wala hakuwa na sababu ya kuwatetea watu wale. Alikuwa na saa mbili za asubuhi na macho. Kwa hiyo anayetaka kumfuata amfuate hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wafuasi wengi hawalipendi sana. Kitabu wanachokishika, Safari ya Italia, hakikuandikwa njiani kama kisomekavyo. Goethe alikitunga kutokana na barua na madaftari yake ya zamani, akatoa sehemu mbili mwaka 1816 na 1817, na ya tatu mwaka 1829, alipokuwa mzee wa miaka 80. Akayarekebisha mengi, na karatasi nyingi za asili akazichoma. Kitabu chaanza habari za Roma siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Ukweli ni kuwa alikwisha ingia tangu tarehe 29 Oktoba. Yamkini aliona sikukuu yafaa zaidi. Anayefuata kitabu kwa kalenda, siku kwa siku, hufuata nyayo zilizopigwa msasa na mzee mezani.

Na Goethe mwenyewe alikuwa akifuata nyayo. Baba yake, Johann Caspar, alikwenda Italia mwaka 1740, akaandika kitabu cha safari hiyo kwa Kiitaliano. Nyumbani kwao Frankfurt alitundika picha za Roma ukutani, na kuleta mfano mdogo wa mashua ya Venice ambao mtoto alikuwa akiruhusiwa kuuchezea mara chache. Mwaka 1786 mashua ya kwanza ya Venice ilipomkaribia, mshairi aliukumbuka mchezo huo wa utotoni. Alikwenda, kwa hiyo, mahali ambapo baba yake alikuwa amemwonyesha, lakini alitazama vitu ambavyo baba hakuvitazama.

Mwanawe hakupata bahati hiyo. August von Goethe alizaliwa mwaka 1789, akaishi kivulini mwa baba yake katika nyumba ile ya Weimar, akawa karani wa mambo ya baba na mnywaji wa mvinyo. Mwaka 1830 alipelekwa Italia ili apate nafuu, akifuatana na Eckermann, katibu wa mzee, ambaye waliachana huko Genoa. Alipita miji ile ile, Venice, Naples, mpaka Roma. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba 1830 akafa. Alizikwa katika makaburi ya Waprotestanti karibu na piramidi ya Cestius, mahali ambapo baba yake, mwaka 1788, alikuwa amechora kaburi lake mwenyewe kwa mzaha. Jiwe lililowekwa lasema kwa Kilatini kuwa mwana wa Goethe, akimtangulia baba yake, alifariki na miaka 40. Jina la August halimo. Kwa wale wanaodhani kufuata nyayo ni jambo jepesi, hilo ndilo jiwe la kusomwa kwanza kabla ya kukata tiketi.

Wapo pia waliofuata wakakataa. Herder, rafiki yake mwenye fikira nzito, alikwenda Italia mwaka 1788 mara Goethe aliporudi, akakaa mpaka mwaka uliofuata, wala Roma haikumpendeza kama ilivyompendeza mwenzake. Twamheshimu kwa hilo. Alitazama kwa macho yake.

Sisi ukurasani hapa tumeifuata safari hii kwa ramani na kitabu tu, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini lugha yetu nayo ina msafiri wake aliyeelekea upande wa pili. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo mna habari ya Salim bin Abakari, Mngazija, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, kutoka Berlin mpaka Urusi na Siberia, kisha akaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili. Kabla yake Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha Kiswahili Berlin toka mwaka 1891 hadi 1895 na kuandika habari za mji huo. Salim hakwenda kwa jina la kujibandika wala kwa mshahara wa mtawala. Alikwenda kama mtumishi, na mizigo haikuwa yake. Hata hivyo macho yalikuwa yake. Wako Wajerumani wengi wanaolala Malcesine kwa ajili ya Goethe. Ni Waswahili wangapi wamepanda gari la moshi kuelekea Siberia kwa ajili ya Salim?

Huenda nauli hiyo haipatikani, na dirisha la ubalozi twalijua. Basi tuanze karibu. Msomaji yeyote aliye Mombasa aende Kongowea sokoni saa kumi na moja alfajiri, akae mpaka saa tatu, na ahesabu waliokaa bure: wangapi, wapi, na wangoja nini. Aliye Nairobi aende Gikomba, na wa Kisumu ashuke mwaloni. Aandike alichokiona hata kama hakifanani na alichoambiwa, atuletee karatasi yake. Nafasi ya kuichapa ipo.